Kununua kwa Simu Bila Kumkabidhi Mtu Mmoja Funguo za Soko

Haya ni maandishi ya mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa jimbo letu. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke, ila maneno mengi nimeyaacha kama nilivyoyasema.



Katibu alinipangia mada ya "uchumi wa kidijitali". Nikamwambia, kaka, hilo jina ni kubwa mno, niache nizungumzie kununua na kuuza kwa simu, maana humu ndani hakuna ambaye hajawahi kununua au kuuza kitu kwa simu. Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu, kwa hiyo mtanivumilia nikitaja sheria mbili tatu. Nitazitaja kwa Kiswahili cha kawaida, siyo kile cha kutafutia alama darasani.

Nina hoja mbili. Ya kwanza: tunaweza kununua mtandaoni bila kutegemea makampuni makubwa ya kuuza kila kitu, na tukifanya kwa akili, pesa inabaki kwa mzalishaji na mfanyabiashara mdogo. Ya pili: hilo halitasimama kama mnunuzi akidhulumiwa hana pa kwenda. Na pa kwenda hapajengwi na mnunuzi mmoja mmoja. Hapo ndipo siasa inapoingia.

Mkubwa akiondoka

Wengi mnaikumbuka Jumia. Ilianzia Nigeria mwaka 2012, ikasambaa nchi nyingi za Afrika, na hapa kwetu ikawepo. Aprili 2019 ikaingia kwenye soko la hisa la New York, magazeti yakaandika sana. Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania, na Cameroon pia. Mwaka 2024 ikatangaza kuondoka Afrika Kusini na Tunisia. Kenya bado ipo.

Siisemi kwa ubaya. Kampuni ikiona hailipi, inaondoka, ni haki yake. Lakini jiulize: yule muuzaji aliyekuwa anauza viatu kupitia humo, wateja wake walikuwa wa nani? Namba zao za simu zilikuwa kwa nani? Sifa alizopewa na wateja, zile nyota, alizihamishia wapi? Hakuzihamishia popote. Mteja alikuwa wa jukwaa, siyo wa muuzaji. Jukwaa likifungwa, muuzaji anaanza upya kama jana alikuwa hayupo.

Na mkubwa akibaki na akashinda, mambo yanakuwa mengine. Septemba 2023, mamlaka ya ushindani ya Marekani pamoja na majimbo 17 walifungua kesi dhidi ya Amazon. Wanadai, pamoja na mengine, kwamba Amazon inawaadhibu wauzaji wanaothubutu kuuza kwa bei ya chini mahali pengine. Amazon inakanusha, na kesi ni kesi. Lakini angalieni aina ya lalamiko lenyewe. Muuzaji anaogopa kushusha bei kwenye duka lake mwenyewe kwa sababu mwenye soko kubwa atamficha asionekane. Hapo anayeumia ni mnunuzi pia, hata yule ambaye hajawahi kuingia huko.

Kwa hiyo mkubwa akiondoka anakuacha mtupu, na akikaa sana anakupangia bei. Ndiyo maana nasema tusimkabidhi mtu mmoja funguo za soko.

Kibanda kwenye kiwanja cha mtu

Sasa mtaniambia: dada, sisi hapa Bongo hatuna hiyo Amazon, sisi tunanunua Instagram na WhatsApp, kwa watu wetu. Kweli. Lakini Instagram, WhatsApp na Facebook ni za mwenye mmoja, kampuni ya Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021 zote tatu zilizimika kwa pamoja dunia nzima, kama saa sita hivi. Mama anayeuza vitenge Tandika na kijana anayeuza vipuri Mwanza, wote duka lilifungwa kwa siku hiyo, na hawakuambiwa na mtu.

Na kuna kuzimwa kwa nyumbani, ambako ndiko kulikotuuma zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikarudi baada ya siku kadhaa. Tunaongelea sana upande wa habari na haki ya kujua, na ni sawa kuongelea. Lakini nani ameongelea aliyekuwa na keki za oda? Aliyekuwa na samaki kwenye friji anasubiri wateja wa mtandaoni? Aliyekuwa ameshalipwa na hawezi kuwasiliana na mteja? Hakuna aliyewafidia hata shilingi.

Kwa hiyo ukiwa muuzaji, ukurasa wa Instagram uuchukulie kama kibanda kwenye kiwanja cha mtu. Uza, hakuna ubaya, lakini usiweke kila kitu humo. Kuwa na daftari la wateja wako, majina na namba za simu, kwa ridhaa yao. Siku ukurasa ukifungiwa au mtandao ukizimwa, unatuma SMS ya kawaida: "Mama Asha, mzigo upo, nipigie." SMS na simu ya kawaida ni kizamani, lakini ndizo zinazobaki mengine yakizimika.

Na ukiwa mnunuzi, ukishampata muuzaji mwaminifu, mtoe kwenye ukurasa umweke kwenye simu yako. Chukua namba yake, jua duka lake lilipo, mara ya pili mpigie moja kwa moja. Hapo uhusiano ni wenu wawili, hakuna wa katikati anayeamua nani aonekane leo.

Winga na mzigo wa picha

Tuseme ukweli mwingine. Kurasa nyingi za mtandaoni siyo maduka. Ni mawinga. Anachukua picha kwa mfanyabiashara wa jumla Kariakoo, anaiweka kwake, anaongeza chake juu. Ukilipa, ndiyo anakimbia kwenda kuchukua mzigo. Winga siyo mwizi, ni kazi, na vijana wengi humu wanakula kupitia hiyo. Lakini kama mnunuzi lazima ujue unaongea na nani, kwa sababu winga hajaushika huo mzigo. Hajui kama kitambaa kinachuja au chaja ni ya kweli.

Namna ya kujua ni rahisi. Mwombe video fupi ya bidhaa yenyewe, leo, na kwenye video ataje jina lako au aweke karatasi yenye tarehe. Mwenye mzigo atakutumia ndani ya dakika chache. Asiye na mzigo ataanza hadithi, mara kamera mbovu, mara bosi katoka.

Njia ninayotumia na wenzangu

Niwape utaratibu, mkiutaka mtauchukua.

Kwanza, tafuta jina halisi. Biashara iliyosajiliwa unaweza kuitafuta kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni. Si kila mdogo amesajili, najua, na sisemi umkatae. Lakini kama mtu anakuuzia friji au kompyuta, jina la biashara, mahali alipo na risiti ni vitu vya kuuliza kabla ya bei.

Pili, lipa ukishapokea, kama inawezekana. Ndani ya jiji, bodaboda anakuletea, unafungua, unakagua, unalipa. Muuzaji naye ana hofu yake, maana wapo wanunuzi wanaoagiza halafu wanazima simu, nauli ya boda imeshaliwa. Basi kubalianeni: wewe unatanguliza nauli ya boda, bei ya bidhaa unalipa ukiiona. Kila mmoja amebeba nusu ya hofu.

Tatu, kama lazima utangulize pesa, lipa kwenye namba ya malipo ya biashara, ile tunayoita Lipa Namba, kuliko namba binafsi. Na jina linalotokea kabla hujathibitisha, lisome. Ukurasa unaitwa kwa jina la dada, jina linalotokea ni la mwanaume mwingine kabisa, simama hapo. Uliza. Jibu lisipoeleweka, pesa ni yako, ondoka nayo.

Nne, mzigo wa mkoani. Basi linabeba vizuri tu, lakini ile risiti ya kifurushi ipigwe picha na itumwe kwako kabla basi halijaondoka: jina la basi, tarehe, jina lako, idadi ya vifurushi. Pesa iliyobaki unaituma ukishapokea stendi.

Tano, nunueni kwa pamoja. Hapa nataka nikae kidogo.

Hosteli tulikuwa wanane tunaonunua mchele kilo mbili mbili dukani. Mmoja wetu kwao ni Mbarali. Tukaweka pesa pamoja kama mchezo wa kawaida wa kupeana, tukampigia mama mmoja anayekoboa huko, tukachukua gunia. Nusu tulilipa kabla, nusu tulipopokea stendi ya Magufuli. Mchele ulikuwa mzuri kuliko wa dukani, na kwa kila mmoja ulitoka kwa bei nafuu hata ukijumlisha usafiri. Lakini lililonifurahisha mimi ni kwamba yule mama sasa hivi ana namba zetu nane, na sisi tumewapa wengine. Hajalipia tangazo. Hajaomba kibali kwa jukwaa lolote.

Sasa piga hesabu hiyo kwa tawi. Tawi lenye vijana 40 linaweza kununua alizeti ya Singida, asali ya Tabora, karafuu na mdalasini wa Pemba, moja kwa moja. Babu zetu waliita ushirika. Ushirika uliharibiwa na wakubwa waliokaa juu yake, siyo na wazo lenyewe. Sisi tuna simu, kila mwanachama anaona hesabu kwenye kundi, nani kalipa, nani bado, mzigo uko wapi. Kilichokuwa kigumu zamani, yaani kuaminiana bila kuonana hesabu, kimekuwa chepesi.

Na tafadhali, kwenye kundi la kununua msiulize kadi ya chama. Mchele hauna chama. Jirani wa chama kingine akiona mnafanya kitu cha maana, atakaa nanyi, mtaongea mengine baadaye.

Sheria mbili za mwaka mmoja

Nakuja kwenye sheria. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria mbili zinazofuatana. Namba 13 ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Namba 14 ni Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ni kama pacha.

Mikono juu, nani amewahi kusikia habari za Sheria ya Makosa ya Mtandao? Karibu wote. Kwa nini? Kwa sababu vijana wameitwa polisi, wamefikishwa mahakamani kwa maneno waliyoandika. Hiyo namba 14 inajulikana hadi vijijini.

Nani anaijua namba 13? Mnaona. Mikono mitatu, na mmoja ni mwanafunzi mwenzangu.

Namba 13 ndiyo inayomlinda mnunuzi. Inasema anayeuza mtandaoni lazima ampe mnunuzi jina lake kamili na hadhi yake kisheria, anuani ya mahali alipo, mawasiliano yake, na maelezo ya kutosha kuhusu bidhaa. Lazima akupe nafasi ya kupitia oda yako, kurekebisha makosa, na kujitoa kabla hujaagiza. Na sheria hiyohiyo inasema ujumbe wa kielektroniki haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Maana yake mazungumzo yenu ya WhatsApp ni ushahidi, mradi uweze kuonyesha yametoka wapi na yametunzwaje. Kwa hiyo usifute mazungumzo. Skrinshoti ni nzuri, lakini simu yenyewe yenye mazungumzo ni bora zaidi.

Ongeza Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ya tangu enzi za mkoloni lakini bado inafanya kazi: bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo. Na mtandaoni karibu kila kitu kinauzwa kwa maelezo na picha. Ongeza Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Yale maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" siyo kinga ya mtu aliyekuuzia kitu tofauti na alichokitangaza.

Mfano. Mwanafunzi mwenzetu alinunua kompyuta mpakato kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni, tangazo linasema kumbukumbu ni GB 8. Akaipokea, ina GB 4. Muuzaji akamjibu, "Dada, mzigo ukishatoka haurudi." Tukakaa watatu tukamwandikia ujumbe wa heshima, wa aya nne tu. Tarehe ya tangazo, picha ya tangazo, picha ya mashine ilivyo, sheria inayohusika, na siku saba za kurekebisha kabla hatujapeleka malalamiko FCC na dai Mahakama ya Mwanzo. Hatukutukana, hatukumwanika mtandaoni. Siku ya tatu akaongezewa kumbukumbu bila malipo.

Nasema hivi siyo kujisifu. Nasema kwa sababu yule dada alishakata tamaa, alikuwa anasema "ndiyo imeshaliwa hiyo". Haki ilikuwepo tangu 2015, hakuna aliyemwambia. Serikali ina vipindi redioni vya kutuonya tusiandike vibaya mtandaoni. Vya kutuambia tudai nini tukiuziwa vibaya mtandaoni, mimi sijavisikia.

Na ukikutana na tapeli kabisa, siyo muuzaji mbovu bali tapeli, wa "ile pesa itume kwenye namba hii", ujumbe wake upeleke 15040. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Tuliambiwa tusajili ili utapeli uishe. Tulipanga foleni, tukasajili. Basi tuna haki ya kuuliza: mbona bado upo?

Tunachotakiwa kukidai

Semina bila azimio ni maongezi, kwa hiyo napendekeza manne yaende kwenye ngazi ya juu.

La kwanza, dawati la madai madogo. Kenya wana Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016: dai lisilozidi shilingi milioni moja ya kwao, na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Mtu wa kiatu cha elfu 40 hawezi kufuata kesi miezi kumi. Tunahitaji utaratibu kama huo kwenye Mahakama zetu za Mwanzo, na kufungua dai kuwezekane kwa simu.

La pili, soko lililo wazi. India walianza majaribio mwaka 2022 ya mtandao unaoitwa ONDC. Siyo duka. Ni kanuni za pamoja, ili duka dogo likijisajili kwa programu moja, mnunuzi mwenye programu nyingine alione. Sisi wenyewe tumeshafanya hivyo kwenye pesa: mwenye M-Pesa anamtumia mwenye Airtel Money, na Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu. Kama pesa inavuka mtandao, kwa nini duka lisivuke?

La tatu, intaneti isizimwe. Na ikizimwa, aliyezima aeleze mbele ya mahakama kwa sheria gani, na afidie waliopata hasara.

La nne, tozo. Julai 2021 tulipoanza kukatwa tozo ya miamala ya simu, watu wengi walirudi kwenye pesa taslimu. Serikali yenyewe ikapunguza, ikapunguza tena. Lile lilikuwa somo. Mnunuzi na muuzaji wadogo hawana kadi za kimataifa, njia yao ni simu. Ukiipandisha gharama njia hiyo, umewasukuma warudi kwa yule mkubwa mwenye uwezo wa kuibeba gharama.

Nimalize na kazi ya wiki hii, ili tusiondoke mikono mitupu. Kila tawi lifungue daftari la wauzaji wanaoaminika: jina, bidhaa, mahali alipo, namba, kwa ridhaa yao. Taarifa za mtu ni zake, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, tusije tukawa wa kwanza kuivunja. Muuzaji akisifiwa na watu watatu waliomlipa kweli, anaingia. Akilalamikiwa, anapewa nafasi ya kujieleza kabla hajatolewa. Hiyo ndiyo haki tunayoidai kwa wengine, tuanze kuitenda kwenye daftari letu.

Naona mkono wa dada pale nyuma, karibu na swali.